Mkandarasi anasema reli nyepesi imekamilika asilimia 95: je, treni zianze kukimbizwa kwa ratiba?

Swali: Mimi ni fundi umeme. Nimehamishiwa kwenye timu ya mwenye mradi itakayopokea reli nyepesi mpya. Njia inatumia volti 750 za mkondo mnyoofu, sehemu inapita katikati ya barabara na sehemu ina handaki fupi. Mkandarasi anasema kazi imefika asilimia 95. Anataka tuanze kuendesha treni tupu kwa ratiba kamili mwezi ujao, na majaribio yaliyobaki yafanyike sambamba. Tukubali? Na mimi nianze kukagua wapi?

Jibu: Msikubali kwa sasa. Asilimia 95 ni hesabu ya kazi iliyolipwa au vifaa vilivyofungwa. Haisemi chochote kuhusu kama vifaa hivyo vinaelewana. Asilimia 5 inayobaki kwa kawaida ndiyo iliyo ngumu kuliko zote: programu za treni, swichi za njia (mahali treni hubadilishia reli), mawasiliano ya handakini, taa za barabarani, na ushirikiano wa vyote hivyo.

Kabla ya kujibu barua yake, mwombeni hati tatu. Ya kwanza ni orodha ya majaribio yote, kila moja likiwa na tarehe, matokeo na sahihi. Ya pili ni orodha ya kasoro zilizo wazi, zikiwa zimepangwa kwa uzito wa hatari zake. Ya tatu, ambayo husahaulika sana, ni jedwali la matoleo ya programu: treni ipi ina toleo gani la breki, la milango na la injini, na kila kabati la ishara lina toleo gani. Zisomeni kwa pamoja. Mkiona jaribio la breki lilifanyika kwa toleo moja na treni sasa zinatembea na toleo jingine, jaribio hilo halipo tena, hata kama karatasi yake ina mihuri mitatu.

Hapo ndipo ubaya wa kufanya mambo "sambamba" ulipo. Majaribio hupanda kwa ngazi: kifaa kiwandani, kifaa hicho hicho kikiwa mahali pake, kisha viwili viwili vinavyotegemeana, kisha mfumo mzima, na mwisho ratiba kamili bila abiria. Kila ngazi inachukulia kwamba ya chini yake imefungwa. Treni zikikimbizwa kwa ratiba huku mafundi wanabadilisha programu usiku, mfumo mlioupima Jumatatu si ule wa Alhamisi, na takwimu za wiki nzima hazina maana.

Anza na umeme, kwa kuwa ndio ufundi wako

Kwenye njia ya mkondo mnyoofu, umeme huingia treni kwa waya wa juu na kurudi kituo cha kupoza umeme kwa kupitia reli zenyewe. Reli zisipotengwa vizuri na ardhi, sehemu ya mkondo hutoroka ardhini na kurudi kupitia mabomba ya maji, nondo za madaraja na ngozi za nyaya za simu. Pale unapotokea kwenye chuma kuingia udongoni, unakula chuma hicho. Madhara yake huonekana baada ya miaka, wakati kila mtu aliyetia sahihi ameshaondoka. Ndiyo maana nakusihi ulishikilie jambo hili kwa nguvu.

Kiwango cha Ulaya cha EN 50122-2 kinataka upitishaji wa umeme kati ya reli na ardhi usizidi simensi 0.5 kwa kilomita kwa njia moja iliyo wazi juu ya kokoto, na simensi 2.5 kwa kilomita kwa njia iliyozikwa barabarani. Pima kipande kwa kipande, na kwa sehemu za barabarani pima kabla lami au zege la juu halijamwagwa. Ukikuta tatizo baadaye utalazimika kuvunja barabara. Wakosaji wa kawaida ni wachache na wanajulikana: masanduku ya kutoa maji ya mvua yanayogusa reli na nondo kwa wakati mmoja, boliti za mashine za swichi, ngozi ya chuma ya waya iliyofungwa pande zote mbili, na tope lililojaa kwenye mfereji wa reli, yaani nafasi ambamo ukingo wa gurudumu hupita. Pima pia siku ya mvua. Njia inayofaulu wakati wa kiangazi pekee haijafaulu.

Karakana ina habari yake. Mara nyingi reli za ndani ya karakana huunganishwa na ardhi moja kwa moja kwa usalama wa mafundi, na kiungo cha kuhami huitenga karakana na njia kuu. Treni ikiegeshwa juu ya kiungo hicho, magurudumu na fremu yake vinaunganisha pande mbili, na mkondo wa njia kuu unamwagika ardhini kupitia karakana usiku kucha. Angalia kiungo kimewekwa wapi, na kama ratiba ya kuegesha inaruhusu treni kusimama hapo.

Kabla ya kuwasha waya wa juu, hakikisheni tarehe na saa ya kuwasha imetangazwa kwa kila kampuni iliyo eneo la kazi, pamoja na wapaka rangi na wapanda nyasi. Tangu saa hiyo waya unahesabiwa una umeme daima, na hakuna anayepanda ngazi karibu nao bila kibali cha maandishi. Ajali nyingi za kipindi hiki huwapata watu waliozoea kufanya kazi chini ya waya mfu.

Kisha jaribio la shoti ya makusudi. Waya huunganishwa na reli mwisho kabisa wa kipande, mbali na kituo cha kupoza umeme, na sakiti breka lazima ifyatuke. Umbali huo una sababu: shoti ya mbali inazuiwa na ukinzani wa waya na reli, hivyo mkondo wake unaweza kufanana na wa treni tatu zinazoanza kuondoka kwa pamoja. Kinga iliyopangwa kwa kutazama ukubwa wa mkondo tu ama itaikosa shoti hiyo, ama itafyatuka kila asubuhi wakati wa msongamano. Ndiyo maana kinga nzuri hutazama pia kasi ya kupanda kwa mkondo. Kwa kuwa kipande kimoja hulishwa na vituo viwili, kimoja kikifyatuka na cha pili kifyatuke papo hapo. Jaribuni pia kutoka kwenye kitufe cha dharura, kwa kila kitufe, na mtu awepo na kipimo cha volti kwenye waya.

Mwisho wa upande huu ni mzigo. Zimeni kituo kimoja cha kupoza umeme, kusanyeni treni kwenye mlima mkali zaidi, kisha ziondoke kwa pamoja zikiwa na uzito kamili. Kwa mfumo wa volti 750, kiwango kingine cha Ulaya, EN 50163, kinaruhusu volti kushuka hadi 500 na kupanda hadi 900 katika hali ya kudumu. Fanyeni na kinyume chake: treni moja peke yake usiku inashuka mlima huku inafunga breki za kurudisha umeme. Hakuna treni jirani ya kuupokea, volti inapanda, na rezista za breki lazima zichukue kazi bila dereva kuhisi mshtuko.

Nafasi, magurudumu na breki

Treni ya kwanza haiendeshwi. Inavutwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, pembeni imefungwa sponji ngumu zinazochora umbo pana zaidi ambalo treni inaweza kulifikia ikiyumba. Kila sponji inapoguswa, simama, pima, andika. Vinavyogongwa ni nguzo za alama zilizoongezwa baada ya michoro kukamilika, vishikio vya handakini, matawi ya miti, na kingo za majukwaa kwenye kona.

Kwenye majukwaa mna hesabu mbili zaidi. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka pengo la mlalo lisizidi mm 76 na tofauti ya kimo isizidi mm 16, ili kiti cha magurudumu kipite. Pimeni treni ikiwa tupu na ikiwa imejaa. Kumbukeni pia kuchakaa: gurudumu likipungua kipenyo kwa mm 60, sakafu inashuka mm 30, na jukwaa lililokuwa sawa linageuka kuwa ngazi. Mwulizeni mtengenezaji ni vipande gani vitaongezwa kwenye bogi (fremu inayobeba magurudumu) kurudisha kimo, na baada ya milimita ngapi.

Msiamini kwamba gurudumu na reli vinalingana kwa kuwa kila kimoja kina cheti chake. Huko Honolulu, Marekani, wakati wa majaribio ya reli yao ya juu, iligundulika kwamba uso wa magurudumu ulikuwa mwembamba kwa takriban nusu inchi kwa sehemu ambazo reli moja hukata nyingine. Njia hiyo ilifunguliwa tarehe 30 Juni 2023 baada ya marekebisho. Kwa njia inayopita barabarani kagueni pia upana wa mfereji wa reli na umbali wa ndani kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Pimeni kwa mikono kwenye kila swichi.

Breki hupandishwa taratibu: kilomita 10 kwa saa, 20, 30, hadi kasi ya juu, kwanza tupu, kisha mzigo wa viti, kisha mzigo kamili. Mifuko ya mchanga ndiyo abiria wenu. Kwa kilo 70 kila mmoja, abiria 200 ni tani 14, nayo igawanywe sakafuni kama watu wanavyosimama, isilundikwe katikati. Ili ujue unachotarajia: treni iliyo kwenye kilomita 50 kwa saa, ikipunguza mwendo kwa mita 1.2 kwa sekunde kila sekunde kwa breki ya kawaida, inasimama ndani ya mita 80 hivi. Kwa breki ya dharura ya 2.8, pamoja na zile za sumaku zinazong'ang'ania reli, ni mita 34 hivi. Rudieni kwa reli iliyomwagiwa maji ya sabuni. Hapo ndipo inapojulikana kama kinga ya kuteleza inafanya kazi, au magurudumu yanajifunga na kupata bapa litakalogonga kila mzunguko hadi lipelekwe kuchongwa.

Angalieni pia mchanga ambao treni humwaga relini ili magurudumu yasiteleze. Ukiwa na unyevu unaziba bomba. Ukimwagika kupita kiasi unatenga gurudumu na reli, na hapo tatizo la breki linageuka kuwa tatizo la ishara.

Ishara: pale treni inapopotea

Njia nyingi hutambua treni kwa mkondo mdogo unaopita kwenye reli, ambao ekseli huukatiza kwa kuunganisha reli mbili. Kipimo kilichozoeleka Marekani ni kipande cha ukinzani wa omu 0.06: kikiwekwa popote juu ya reli mbili, chumba cha udhibiti kione kuna treni. Kipande hicho hufaulu kwa urahisi kwa sababu mpimaji hukifunga kwa nguvu kwenye chuma safi. Treni yenyewe inaweza kufeli, kwa kuwa reli mpya ina kutu juu. Kwa hiyo pitisheni treni huku na huku chini ya ulinzi wa watu kwa siku kadhaa hadi reli ing'ae, kabla hamjaukabidhi mfumo kazi ya kutenganisha treni. Baada ya siku kadhaa za mvua bila treni kupita, ng'arisheni tena.

Kama mna vihesabu ekseli badala yake, kutu si shida, ila breki za sumaku zinaweza kuvivuruga. Fungeni breki ya dharura juu kabisa ya kihisi, mara kadhaa, na mhesabu ekseli zilizoingia na zilizotoka. Andikeni pia ni nani anaruhusiwa kurudisha kihesabu sifuri, na kwa uthibitisho gani. Kukirudisha huku treni bado imo ndani ni njia ya haraka sana ya kuleta mgongano.

Kwenye swichi, wekeni kipande cha chuma kati ya ulimi (reli fupi inayosogea) na reli. Kanuni ya reli za Marekani inasema ulimi ukiwa wazi kwa inchi 1/4, yaani mm 6.35, ishara isithibitishwe. Na mtu asimame kwenye swichi halisi, aseme kwa redio anachokiona kwa macho, huku mwenzake anasoma skrini. Nyaya zilizobadilishana zinaweza kuifanya skrini ionyeshe kushoto wakati swichi imelala kulia, na hakuna jaribio la kompyuta litakalofichua hilo. Jedwali la njia zinazopingana, yaani zisizoweza kupewa treni mbili kwa pamoja, lijaribiwe lote. Hapa sampuli haikubaliki.

Barabarani, tazameni saa za msongamano, si usiku. Kosa la kawaida ni ombi la treni la kupewa nafasi kwenye taa kubaki limeshikiliwa baada ya treni kupita, taa inakaa nyekundu kwa magari, na madereva wanaanza kuidharau. Penye vizuizi, pimeni muda wa onyo kwa treni ya kasi na kwa treni inayosimama kituo kilicho karibu na kivuko kisha kuondoka. Marekani hudai sekunde zisizopungua 20 kabla treni haijafika. Upande wa pili, onyo la dakika mbili linafundisha watu kuzunguka kizuizi.

Handakini fanyeni jaribio la moshi mkiwa mmezima umeme wa treni. Feni, redio na taa lazima viendelee kwa chanzo kingine. Kwa vituo, NFPA 130, kiwango cha Marekani cha usalama wa moto kwenye reli, kinataka jukwaa liwe limeachwa wazi ndani ya dakika 4 na watu wawe wamefika mahali salama ndani ya dakika 6. Halafu leteni treni mfu iliyojaa mchanga chini ya mlima na muisukume kwa nyingine. Miradi mingi huliacha jaribio hili kwa kuwa ni la usumbufu, nami naliona la lazima, kwa sababu ndilo litakalowapata mapema kuliko yote.

Milango, kisha ratiba

Fanyeni hesabu hii mezani kwenu. Treni 20, milango 6 upande mmoja, kila treni inasimama mara 300 kwa siku: milango inafunguka mara 36,000. Kama mlango unakwama mara moja tu kwa kila mara 10,000, mna milango minne hivi iliyokwama kila siku, na kila mmoja unashikilia treni zote za nyuma yake. Treni tupu hazionyeshi hili vizuri, maana hakuna anayeegemea mlango wala kuuzuia kwa mkono. Waleteni wafanyakazi mia kadhaa, wapande, washuke, wasukume, waingize mikoba. Dereva apimwe kwa saa: anatumia dakika ngapi kuutenga mlango mmoja na kuendelea?

Ratiba kamili ndiyo inafuata, na hapa nawaomba mjifunze kutoka reli nyepesi ya Ottawa, Kanada. Njia yao ya kilomita 12.5 yenye vituo 13 iliendeshwa kwa majaribio ya ratiba kuanzia mwisho wa Julai hadi tarehe 22 Agosti 2019. Katikati ya majaribio vigezo vilibadilishwa: asilimia ya kilomita zilizotimizwa ikashushwa kutoka 98 hadi 96, na siku 9 bora kati ya 12 zikatosha. Abiria wakaanza kupanda tarehe 14 Septemba. Mwezi uliofuata mlango uliolazimishwa na abiria ulikwamisha njia, na matatizo mengine yakafuata hadi ikaundwa tume ya uchunguzi ya umma, iliyotoa ripoti yake Novemba 2022. Vigezo hivyo vipya havikuwa vya kubuni hapo hapo, vilitoka kwenye makubaliano ya awali ya mradi. Lakini kigezo kinachobadilishwa baada ya matokeo mabaya kuonekana hakiwezi kumwambia mtu kama mfumo uko tayari.

Kwa hiyo andikeni na kutia sahihi kabla ya siku ya kwanza: ni kilomita ngapi za ratiba, kuchelewa kwa dakika ngapi kunahesabika, nani anahesabu, kosa lipi linafuta siku hiyo, na lipi linarudisha hesabu yote sifuri. La mwisho liwe kila tukio la usalama na kila badiliko la programu ya breki, milango au ishara. Ndani ya siku hizo hizo muwaingizie waendeshaji dharura bila kuwatangazia: abiria aliyezimia, waya uliokatika, swichi isiyothibitisha, redio iliyokufa. Na matengenezo ya usiku yafanywe na zamu ile ile na vipuri vile vile vitakavyokuwepo baada ya kufungua. Mkandarasi akileta mafundi 40 kutoka kiwandani kuzibembeleza treni, mnapima mafundi hao, na siku ya tatu baada ya ufunguzi watakuwa wameshapanda ndege.

Jibu la barua yake basi liwe hivi. Treni zinaweza kuanza kutembea mwezi ujao kwenye vipande ambavyo umeme, nafasi na ishara vimefungwa kwa sahihi, kwa ajili ya kung'arisha reli, kukusanya kilomita za treni mpya na kuwafunza madereva njia. Siku hizo hazihesabiwi kuwa majaribio ya ratiba. Hesabu itaanza siku orodha ya kasoro za usalama itakapokuwa tupu na matoleo ya programu yatakapokuwa yamefungwa, treni zote sawa. Akitaka tarehe, mwombe yeye aitaje tarehe ya mambo hayo mawili, kisha ninyi muongeze siku za majaribio, pamoja na nafasi ya kuyarudia angalau mara moja.